Vipande vya Karimu

Simu ya Karimu ililia siku ya ishirini na mbili ya eda yangu. Ilikuwa Ijumaa, bado kidogo adhana ya adhuhuri, nami nilikuwa nimeketi mkekani chumbani kwa mama mkwe wangu, Bi Fadhila, huku binti yangu Assia amelala mapajani mwangu mdomo wazi. Nilidhani ni mteja ambaye hajapata habari. Wengi walikuwa bado hawajapata. Mume wangu alikuwa mchuuzi wa kati ya Bujumbura na Kigoma, akipeleka mawese na kurudi na chumvi ya Uvinza, na homa ilimchukua kwa siku nne tu. Kuna watu kule ng'ambo walikuwa bado wanamngojea na mizigo yao.

Lakini hakuwa mteja. Ulikuwa ujumbe: "Habari Karimu. Ijumaa imefika. Je, leo utaongeza vipande vyako?"

Nilijua ni nini. Kule Kigoma alikuwa na laini ya simu aliyoisajili kwa pasipoti yake, na kwa laini hiyo alijiunga na Ghala. Ghala si benki. Ni jukwaa la mtandaoni ambako mtu ananunua vipande vya mfuko wa uwekezaji: fedha za watu wengi zinawekwa pamoja, meneja anazinunulia hisa za makampuni, na kila jioni inatangazwa kipande kimoja kina thamani gani. Karimu aliuchagua Mfuko wa Nuru kwa sababu hauna riba. Alimwuliza sheikh mara mbili, na mara ya pili alikwenda na karatasi za mfuko wenyewe, akamsomea mpaka sheikh akaangalia saa.

Jioni alikuwa akinionyesha mstari wa thamani kwenye kioo cha simu. Ukipanda anasema, "Ona, Assia amesimama." Ukishuka anasema, "Ameketi, amechoka." Mtoto alikuwa hajaanza hata kutambaa. Namba ya siri ya akaunti ilikuwa tarehe aliyozaliwa.

Basi siku ile niliingiza namba ya siri, nikabonyeza "Ndiyo".

Pesa niliyokuwa nayo ilikuwa ya rambirambi, iliyobaki chini ya mto. Nilimtuma jirani aipeleke kwa Gélase, mwenye kibanda cha kubadilisha fedha sokoni. Gélase ana ndugu Kigoma. Wewe unampa faranga hapa, ndugu anaweka shilingi kule, kwa namba ya akaunti unayoitaja. Kabla ya alasiri simu ikalia tena: "Asante Karimu. Vipande vyako vimeongezeka."

Nikausoma ujumbe mara tatu, nikaiweka simu kifuani.

Ningekuwa mwongo nikisema sikujua cha kufanya. Chini kabisa ya ukurasa wa mipangilio kuna mahali pameandikwa "Toa taarifa ya kifo cha mwanachama". Nilipaona siku hiyohiyo. Nikajiambia nitapabonyeza eda ikiisha. Eda ikaisha, miezi minne na siku kumi, nikarudi kwenye kozi yangu ya jioni ya hesabu na kompyuta, nikaanza kupika sabuni ya mawese uani na kuizungusha mpaka kwenye majumba ya Kibenga, na kila Ijumaa Ghala ikamsalimia Karimu, na kila Ijumaa nikamwitikia kwa pesa ya sabuni. Kuna wiki nilikuwa na ya kununua kipande kimoja tu. Nilinunua hicho kimoja.

Ilikwenda hivyo miezi kumi na minne.

*

Nyumba tuliyokuwa tukikaa Nyakabiga ilikuwa ya babu yake Karimu, na warithi wake walikuwa wengi kuliko vyumba. Mwaka huu walikubaliana kuiuza. Mnunuzi alitaka funguo mwisho wa mwezi. Bi Fadhila aliniita jikoni, akaendelea kuchambua mchele wakati akinieleza.

"Mi naenda Rumonge kwa dada yangu," alisema. "Kule kuna chumba, kuna uwanja, mutoto atacheza. We ungali kijana, utatafuta maisha."

"Mama, Assia ni wangu."

"Nani amesema si wako? Nauliza utamulaza wapi."

Nikaokota kijiwe kimoja mcheleni.

"Sikiliza," akasema. "Ukipata vyumba viwili vyenye mulango wa kufunga, kabla ya mwisho wa mwezi, bakia naye. Mimi mwenyewe nitakuletea mufuko wa muchele. Ukikosa, naenda naye. Mujukuu wangu hatalala juu ya sabuni."

Hakuwa akinitisha. Bi Fadhila hatishi watu. Alikuwa akipanga jambo kama anavyopanga vyungu, kikubwa chini, kidogo juu, na tatizo ni kwamba nilimwelewa. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Ila mimi ni mama yake Assia, na mtoto wangu hajawahi kulala bila kushika sikio langu.

Vyumba nilivipata, mtaa wa nyuma tu. Vina mlango wa chuma na bomba la maji uani. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mbele, akakubali kuningojea hadi tarehe ishirini na tano. Nilifungua Ghala palepale nje ya lango lake. Thamani yote ya vipande ilitosha kodi ya miezi nane. Vile nilivyonunua mimi peke yangu baada ya msiba vilitosha miezi sita na kidogo.

Siku ile nilirudi nyumbani, nikapika chai, nikainywa nimekaa. Nilikuwa sijainywa nimekaa tangu siku ya mazishi.

Halafu nikabonyeza "Uza vyote". Ghala ikanijibu kwa upole wake: "Karimu, kuuza vipande vyote kunahitaji uthibitisho wa sura ya mwenye akaunti. Tafadhali itazame kamera. Una majaribio matatu."

Nilijiona mwenyewe kwenye kioo, ndani ya duara, na ushungi wangu wa kijani. Nikaizima haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

*

Huguette ndiye rafiki yangu wa kozi ya jioni. Alikimbia kutoka Uvira na ndugu zake wawili, anauza nguo za mitumba, na hajui kusema jambo kwa sauti ya chini. Nilimweleza kabla mwalimu hajaingia.

"Kwa hiyo umekuwa unamulisha mutu amekufa," alisema.

"Nilikuwa naweka akiba."

"Kwa jina ya mutu amekufa. Mama Assia, si ni we ulinifundisha kupanga hesabu, kila kitu na mwenyewe?"

Watu wa dawati la mbele wakageuka. Huguette akawaambia waangalie ubao, ingawa ubao ulikuwa mtupu.

"Nikitoa taarifa ya kifo?" nikamwuliza.

"Watafunga. Baba yangu alipokufa tulienda benki na karatasi. Miaka tatu, ma chère. Karatasi zilizeeka, sisi tulizeeka, mlinzi wa mlangoni akatuzoea mpaka anatupa kiti. Mwezi wako unaisha lini?"

"Mwenye nyumba ananingoja siku saba. Mwezi wenyewe, siku kumi na tatu."

Akatafuna kalamu. Kisha akasema, "Na yule shemeji yako wa garage?"

"Hamimu? Hana pesa."

"Nani anaongea pesa? Siku ya kwanza kumuona nilifikiri wamemufufua bwana yako. Kitu wanataka ni sura. Sura iko pale, iko chini ya gari inapakwa oili."

Nilimwambia aache mzaha. Akasema hafanyi mzaha. Mwalimu akaingia, tukafungua madaftari, na mimi sikuandika neno. Sikuwa nakataa. Nilikuwa tayari najiuliza Hamimu akinyoa ndevu atakuwaje.

*

Garage ya Hamimu ni uzio wa mabati na mafundi watano. Mwaka huu wa mafuta kukosekana, magari mengi yanafika pale yakisukumwa, yanatengenezwa, yanaondoka yakisukumwa. Nilimkuta amelala chini ya gari la Probox. Nilisubiri atoke, nikamweleza nikiwa nimesimama juani.

Alijifuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Mimi ndo mzuri kuliko yeye lakini," alisema mwishowe. "Hiyo mashini itashituka."

Sikucheka.

"Shemeji, hii pesa ni yake ama ni yako?"

"Ni yetu."

"Mutu akishakufa hana 'yetu' tena. Kuna mirathi. Mama ana sehemu, mutoto ana sehemu, hata mimi niko na kasehemu kangu kadogo."

"Tarehe zote zipo mle ndani," nilimwambia. "Vya kabla ya msiba ni vya mirathi, nitavitenga. Vya baada ni vya sabuni yangu."

"Utavitenga lini?"

"Baada ya kulipa vyumba."

"Hiyo baada yako ndo naiogopa."

Alirudi kuinama kwenye injini, akafungua kitu ambacho hakikuhitaji kufunguliwa, akakifunga. Nilidhani ameshanikatalia. Nikaanza kuondoka.

"Kwangu tuko sita kwenye chumba kimoja," alisema, akiwa hajanigeukia. "Ningekuwa na pahali pa kuwaweka, we na Assia, usingekuja hapa kuniomba uso. Jumamosi. Mama akitoka."

*

Jumamosi Bi Fadhila alikwenda na Assia kwenye maandalizi ya harusi mtaani, mahali ambako kwa kawaida watu hutoka jioni. Hamimu alifika amenyoa ndevu, akaacha sharubu nyembamba kama za Karimu. Katika picha ya akaunti Karimu alikuwa amevaa shati lake la bluu ya mpauko. Nilikuwa nimelifua na kulipiga pasi. Hamimu alilivaa, likambana mabegani, akasimama katikati ya chumba mikono imemning'inia.

Sikuweza kumtazama mara moja. Nilimpa kiti nikiwa naangalia dirisha.

"Unaona?" aliniuliza.

"Naona."

"Usilie sasa, nitaharibu."

Jaribio la kwanza lilikufa kwa giza. Simu ilisema mwanga hautoshi na ikalihesabu. Tukahamisha kiti mlangoni. La pili lilianza vizuri. Weka uso ndani ya duara, akaweka. Pepesa macho, akapepesa. Geuza kichwa kushoto, akageuza, na alipogeuka nilimwona Karimu kabisa, ile shingo, ule mshipa, nikasema moyoni imekubali, imekubali, mwanangu analala kwangu. Halafu simu ikaandika: "Tabasamu."

Hamimu alisita. Mwishowe akatabasamu.

Duara likawa jekundu. "Sura hailingani. Umebakiwa na jaribio moja."

Hamimu alipitisha ulimi mbele ya meno yake.

"Ni meno," alisema. "Karimu alikuwa na mwanya."

Ningekumbukaje kila kitu cha mtu na nisikumbuke mwanya wake? Miaka sita niliuona kila alipocheka, na alikuwa mtu wa kucheka. Nilisimama pale na pasi bado ina moto, nikahisi nimemkosea zaidi kwa hilo kuliko kwa yote mengine.

"Tuache," Hamimu akasema.

"Tabasamu umefunga mdomo."

"Shemeji."

"Karimu alikuwa akitabasamu hivyo pia. Asubuhi, kabla hajaamka vizuri. Fanya hivyo."

Akafanya. Akapepesa, akageuza, akatabasamu midomo imefungwa, kwa huzuni kidogo, na alikuwa yeye hasa. Duara likazunguka na kuzunguka. Na hapo kivuli kikaanguka kwenye mguu wake, nikainua macho, Bi Fadhila amesimama uani na Assia mkononi, mtoto ana sambusa mdomoni.

Simu ikaandika: "Akaunti imesimamishwa kwa usalama wako. Tafadhali wasiliana nasi."

"Hamimu," Bi Fadhila alisema, "umevaa nini?"

"Shati, mama."

"Ya nani?"

Mimi ndiye niliyejibu. Nilimweleza yote, tangu ile Ijumaa ya eda chumbani kwake, nikiwa nimepiga magoti bila kujua nimepiga magoti saa ngapi. Alikaa kizingitini kunisikiliza. Alimwokotea Assia sambusa iliyomwangukia nguoni, akamrudishia.

"Kwa hiyo huko ndani ya simu wanamuhesabu mwanangu yuko muzima," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na kila Ijumaa munamusalimia."

"Wao ndio wanamsalimia."

"Na we unaitika."

"Ndiyo."

Aliomba simu. Aliishika mbali na macho, kama anavyoshika vitu bila miwani, akaitazama ingawa haikuwa na kitu ila maandishi yale mekundu.

"Na mwaka muzima hukuniambia," alisema. "Ningekuja na mimi nikaitika."

Nilitamani anipige. Alinirudishia simu, akainuka kwa kushika mlango.

"Toa shati, Hamimu. Utaipasua."

*

Jumatatu nilipiga simu Ghala. Aliyepokea alijitambulisha kuwa anaitwa Fortunat, wa huduma kwa wanachama, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redioni. Nilimwambia ukweli. Niliamua njiani kwamba nitasema ukweli wote bila kupumzika, na nikausema hivyo, kifo, Ijumaa, sabuni, Gélase, shati.

"Pole sana kwa msiba, dada," alisema. "Naomba usubiri nisome."

Nilisubiri. Unité za simu zilikuwa zinakwisha nikizisikia.

"Nimeona," alisema. "Vipande vilivyonunuliwa kabla ya tarehe ya kifo ni mirathi, hivyo vinasubiri hati ya mahakama. Lakini hivi vya baada, kama ungebonyeza taarifa ya kifo na kutuma risiti za huyo mbadilisha fedha, tungekurudishia fedha zako ndani ya siku tano za kazi."

"Siku tano?"

"Ni utaratibu wetu wa kawaida. Jambo hili linatokea kwa wengi."

"Kwa wengi wapi?"

"Kwa wengi, dada. Wajane hasa. Ujumbe wa Ijumaa unaendelea kwenda, nao wanaujibu. Ndiyo sababu tukaweka utaratibu."

Nilikaa chini, kwenye ngazi ya duka la watu. Gélase alikuwa na risiti zote kwenye daftari lake. Siku ya darasani na Huguette nilikuwa na siku saba. Ningebonyeza siku ile, nisingemwomba mtu uso.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa kuna jaribio la kutumia sura ya mtu mwingine. Sina mamlaka tena hapo. Faili lote linakwenda kitengo cha uchunguzi. Miezi minne, pengine mitano. Baada ya hapo ndipo mirathi."

"Mwenye nyumba ananingoja mpaka Alhamisi."

"Naelewa."

"Hapana, huelewi. Kuna mtoto."

Nilisikia vidole vyake vikigonga kitu.

"Nimeandika hapa kwamba kuna mtoto," alisema.

Sikumchukia. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye angenisaidia angekuwa na kibonyezo cha kunisaidia.

*

Alhamisi mwenye nyumba aliwapa vyumba watu wengine. Nilikuwa nimemwomba achukue kodi ya miezi miwili taslimu na iliyobaki kwa sabuni, akaniambia kwa heshima kwamba haogi kiasi hicho. Hamimu alileta alichoweza, pesa imekunjwa ndani ya karatasi ya plagi, na haikufika hata mwezi mmoja. Nilimrudishia. Hakutaka kuipokea. Nikampa mke wake.

Huguette alinitafutia kazi ya ndani Kibenga, kwa bibi mmoja aitwaye Geneviève, mwenye nyumba kubwa inayotazama ziwa. Nalala hukohuko, nyuma ya jiko, na jioni tatu kwa wiki ananiruhusu niende kwenye kozi yangu, jambo ambalo wengi hawakubali. Siku ya kwanza nilimwuliza kuhusu mtoto. "Mutoto, apana," alisema, bila ubaya, kama anayesema hapa hatufugi mbwa.

Bi Fadhila na Assia walikuwa waondoke Jumamosi, lakini gari la Rumonge lilikosa mafuta. Likakosa tena Jumapili. Siku hizo mbili nilizipata bure. Nilimwogesha Assia mara nne. Nilimsuka, nikamfumua, nikamsuka tena. Usiku alilala ameshika sikio langu nami sikugeuka mpaka asubuhi, shingo ikakakamaa.

Bi Fadhila alikuwa akifunga vyombo na kunitazama. Mara moja alisema, "Nitamuleta Krisimasi, watu wakisafiri." Mara nyingine, "We si mutu mubaya." Na Jumatatu, gari lilipopata mafuta, alimbeba Assia mgongoni ingawa mtoto wa miaka minne ni mzito na magoti yake yana ugonjwa. Nadhani alifanya hivyo ili mtoto asinione usoni. Nilimshukuru kwa hilo. Assia aliniambia nisiache kulisha kuku wa jirani.

Wiki tatu baadaye Ghala walinitumia fomu ya madai ya warithi. Hawakumwandikia Karimu. Waliniandikia mimi, "Ndugu Hayat", kwenye namba yangu mwenyewe, na nilikaa nikiangalia jina langu pale muda mrefu. Nilisema afadhali. Faili limefunguliwa, limepewa namba, kuna mtu ataliangalia, na sheikh amekubali kuandika mgawanyo: mimi thumni, yaani moja ya nane, Bi Fadhila sudusi, moja ya sita, Assia nusu, na kinachobaki cha Hamimu. Nusu ni kubwa. Miezi minne au mitano si milele. Nilimwambia Huguette hivyo, na Huguette, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza.

Niliijaza darasani, kwenye kompyuta ya kozi, kabla ya wengine kufika. Jina la marehemu. Tarehe ya kifo. Niliiandika yote, siku, mwezi na mwaka. Majina ya warithi. Kisha ukafunguka ukurasa wa mtoto, kwa kuwa fedha za mtoto lazima zipitie kwa mtu mzima. "Jina la mlezi anayeishi na mtoto."

Niliandika Hayat. Nikaliangalia. Halafu nikarudi nyuma herufi moja moja, nikaandika Fadhila. Makazi: Rumonge. Uhusiano na mtoto: bibi.

Chini yake kulikuwa na swali jingine, lenye visanduku viwili, ndiyo na hapana. "Je, mama wa mtoto yu hai?"

Nikatia alama kwenye ndiyo, nikatuma. Rezo ya intaneti pale darasani ni mbovu, ukurasa ulizunguka kwa muda. Kisha ukaandika kwamba fomu imepokelewa, na kwamba mawasiliano yote ya baadaye kuhusu fedha za mtoto yatatumwa kwa mlezi.